Maswali Yenu kwa Mwalimu wa Tenisi: Noah, baba yake, na mtoto wa miaka 11

Toleo lililopita nilimtaja Yannick Noah, mcheza tenisi wa Ufaransa, kwa sentensi moja tu, nikidhani nimepita. Kumbe nimewachokoza. Barua zilizokuja ni nyingi, nimechagua tatu.

Mwalimu, salamu kutoka Mombasa. Uliandika kwamba Noah ndiye Mfaransa wa mwisho kutwaa ubingwa wa Roland Garros, mashindano makubwa ya tenisi ya Ufaransa, kwa wanaume. Barazani kwetu kuna mzee anashikilia kwamba mechi ilipokwisha, baba yake Noah aliingia uwanjani kumkumbatia. Sisi vijana tunasema hizo ni chumvi. Nani mkweli?

Mwombeni mzee radhi. Ilikuwa Jumapili, tarehe 5 Juni 1983, mjini Paris. Noah alikuwa na miaka 23. Upande wa pili wa wavu alisimama Mats Wilander wa Sweden, bingwa wa mwaka uliotangulia, kijana wa miaka 18 ambaye kazi yake ilikuwa kurudisha mpira, na kuurudisha tena, mpaka mwenzake akose subira.

Uwanja ule ni wa udongo mwekundu. Mpira ukidunda pale hupoteza kasi na kupanda, ndiyo maana wengi hujikalia nyuma ya mstari wakipigiana mipira mirefu. Noah alikataa mchezo huo. Alisevu, yaani alianzisha mpira, akakimbilia wavuni. Aliposevu Wilander, Noah aliukata mpira kwa bekihendi, pigo la mgongo wa mkono, ukateleza chini chini, naye huyo mbio anaufuata. Mtu mrefu, rasta zinamrukaruka, anamlazimisha kijana wa miaka 18 kupitisha mpira kwenye tundu la sindano. Kufanya hivyo kwenye udongo kwa seti tatu ni kazi ya miguu na mapafu kabla haijawa kazi ya mkono. Alishinda 6-2, 7-5, 7-6. Katika mashindano yote alipoteza seti moja tu, na aliyemnyang'anya ni Ivan Lendl wa Chekoslovakia.

Pointi ya mwisho nimeitazama kwenye kanda mara nyingi mno. Noah anasevu, Wilander anarudisha, mpira unatoka nje ya mstari wa nyuma. Noah anaanguka magoti. Halafu anaonekana Zacharie, baba yake, mwanasoka wa zamani, ameshashuka jukwaani, yumo uwanjani, wameng'ang'aniana baba na mwana. Basi mzee wenu hakutia chumvi hata punje.

Siku ile mimi nilikuwa Tanga, muokota mipira, na raketi yangu ilikuwa ya mbao, nyuzi zilizokatika nimezishona kwa mshipi wa kuvulia. Televisheni Tanzania Bara hatukuwa nayo. Mjomba wangu ndiye aliyesikia habari redioni, akanipigia kelele kutoka dirishani: “Mtoto wa Kameruni kachukua!” Hakusema Mfaransa. Hilo linanipeleka kwenye barua ya pili.

Mwalimu, jambo. Mimi niko Bukavu. Huku tunabishana kama Noah ni Mkameruni au Mfaransa. Na baada ya kuacha tenisi alifanya nini?

Jambo sana, ndugu yangu. Alizaliwa Sedan, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 18 Mei 1960. Mama Mfaransa, mwalimu. Baba Mkameruni, aliyechezea timu ya Sedan na kutwaa nayo Kombe la Ufaransa mwaka 1961. Familia ikahamia Yaoundé Yannick akiwa mtoto mdogo, na huko ndiko alikojifunza kushika raketi. Alichezea Ufaransa maisha yake yote ya tenisi. Na Zacharie alipofariki mwaka 2017, Yannick alirithi uchifu wa baba yake huko Etoudi, Yaoundé. Mtu haachiwi kiti cha ukoo mahali asipo na kwao. Mimi naona ni wa kwote kuwili, na sioni sababu ya kumgawa.

Baada ya kuacha kucheza akawa nahodha asiyecheza wa Ufaransa katika Kombe la Davis, mashindano ya nchi kwa nchi. Mwaka 1991 walikutana na Marekani kwenye fainali, mjini Lyon. Noah alimpanga Henri Leconte, aliyekuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mgongo na ameporomoka nje ya mia bora duniani. Watu walishangaa. Leconte akamfunga Pete Sampras wa Marekani seti tatu mfululizo. Ufaransa ikalichukua kombe ambalo haikuligusa tangu 1932, na timu nzima ikazunguka uwanja ikicheza wimbo wa Noah mwenyewe, Saga Africa, nahodha mbele. Ndiyo, akawa pia mwanamuziki, na wa kujaza kumbi. Kombe la Davis alilirudia mwaka 1996 na 2017. Katikati hapo, mwaka 1997, aliiongoza timu ya wanawake ya Ufaransa kutwaa kombe lao la mataifa kwa mara ya kwanza.

Mwanawe Joakim nanyi wapenda kikapu mnamjua, yule aliyechezea Chicago Bulls ya Marekani.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzazi wa Moshi. Mwanangu wa kiume ana miaka 11 na anawafunga hata watu wazima hapa kwetu. Amejitokeza wakala, anasema atampeleka kwenye kituo cha tenisi Ulaya. Sisi tulipe nauli na ada ya mwaka wa kwanza, na itabidi tuuze kiwanja. Mama yake hataki hata kusikia. Wakala ametuambia Yannick Noah naye aliondoka Afrika akiwa na miaka 11, na leo dunia inamjua. Je, tusite kwa nini?

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nakujibu kwa urefu kwa sababu kuna mtoto ndani yake.

Wakala hakukudanganya kuhusu umri. Mwaka 1971 Arthur Ashe, Mmarekani mweusi aliyekuwa ameshatwaa ubingwa wa Marekani na wa Australia, alipita Yaoundé katika ziara ya Afrika. Akapiga mipira na watoto, mmoja wao Yannick. Ashe alikuwa na sevu kali ajabu, na kipaji cha mtoto yule kikamvutia. Ashe akamwachia raketi, kisha akafanya jambo ambalo wakala wako hakukusimulia: akampigia simu Philippe Chatrier, kiongozi wa tenisi Ufaransa. Shirikisho la tenisi la Ufaransa ndilo lililomchukua Yannick na kumweka kwenye kituo chake cha mafunzo huko Nice, pamoja na shule.

Sasa pima. Ashe hakutafuta senti kwa mzee Zacharie. Aliyempokea mtoto ni shirikisho la nchi ambayo mtoto ni raia wake, nchi ya mama yake, na lugha anaijua tangu nyumbani. Baba alikuwa mwanamichezo wa kulipwa, anajua klabu zinavyofanya kazi na anajua kusoma mkataba. Wewe unaambiwa umri tu. Hayo mengine yako wapi kwenye safari ya mwanao?

Na hata ikiwa imepangwa vizuri hivyo, bado ilimuuma. Noah amesimulia mwenyewe upweke wa Nice: mtoto yuko mbali na mama, mbali na baba, usiku analia. Wapo wanaosikia hayo wakasema ndiyo yaliyomkomaza. Sikubaliani nao. Kilichomfikisha mbali ni kwamba kila mlango alikuta mtu mzima amemshikia. Nice walikuwapo walimu. Ashe hakupotea, mwaka 1978 walicheza upande mmoja kwenye mashindano ya Wimbledon, Uingereza, mchezo wa wawili wawili. Mwaka 1983 kocha wake alikuwa Patrice Hagelauer. Hata na watu wote hao, ushindi wa Paris ulimlemea: hakuweza kutembea mjini kwa amani, akazama katika huzuni, akahamia New York. Alipanda hadi nafasi ya tatu duniani mwaka 1986, akamaliza na mataji 23 ya mchezaji mmoja mmoja, lakini akicheza peke yake hakufika tena fainali ya lolote kati ya mashindano makubwa manne ya tenisi.

Nami nina langu. Miaka kadhaa iliyopita wakala alikuja uwanjani kwangu akamchukua kijana wa miaka 13. Nilimsaidia kufunga mizigo kwa mikono yangu, nilivyokuwa na furaha. Baada ya miezi minane kijana alirudi. Ada ya muhula wa pili haikulipwa, wakala hapokei simu. Alikuja uwanjani jioni, akaketi kwenye benchi, na nikaona kiganja chake kimekuwa laini. Mchezaji huwa na sugu chini ya kidole cha shahada na pembeni mwa gumba. Zake zilikuwa zimepotea. Nikamuuliza, “Ulikuwa huchezi?” Akasema walimpa saa moja kwa siku, muda uliobaki alikaa chumbani. Shule alikuta wenzake wamemwacha madarasa. Hilo sijalisahau, na sehemu ya lawama ni yangu, kwa kuwa sikuuliza maswali niliyopaswa kuuliza.

Kwa hiyo uliza wewe. Kituo kinaitwaje, na kimetuandikia barua moja kwa moja, si kupitia wakala? Mtoto atalala wapi, na mtu mzima gani atamwamsha akiugua usiku? Atasoma shule gani, kwa lugha gani? Tiketi ya kurudi iko mkononi mwa nani? Nani analipa mwaka wa pili? Wakala akikasirika kwa maswali haya, umeshapata jibu lako. Na kiwanja usiuze.

Njia nyingine ipo, tena jirani zetu wameipita. Paul Wekesa wa Kenya alienda chuo kikuu Marekani, akasoma huku akicheza, kisha akawa mchezaji wa kulipwa na kufika kwenye mia bora duniani. Alikwenda akiwa kijana aliyekomaa. Miaka 11 si basi la mwisho, bwana. Mwanao akifika miaka 17 au 18 na matokeo mazuri, ya shule na ya uwanjani, vyuo vya namna hiyo hutoa ufadhili.

Kwa sasa anahitaji wapinzani. Kuwafunga watu wazima wa mtaani kunampa sifa tu. Mpeleke Arusha, mvushe hata Nairobi, akacheze na watoto wa rika lake, afungwe mara kadhaa, uone analala vipi usiku ule na anaamka anataka nini. Shirikisho la tenisi la nchi limjue kwa jina na kwa matokeo.

Mama yake msikilize. Anachokataa si tenisi.

Desemba nitakuwa Moshi kwa wiki mbili. Mlete asubuhi, jua halijawa kali, na raketi yake hiyo hiyo anayotumia sasa, usimnunulie mpya. Nitamsevia kwa nguvu zangu zote zilizobaki, tuone anazirudisha wapi.