Unataka kazi Antaktika? Anza na meno na spana

Swali naloulizwa sana na vijana wa hapa Kasese, Uganda, ni hili, mtu ambaye si profesa anafikaje Antaktika kufanya kazi. Anafika kwa ufundi. Mimi ni fundi bomba, nilisomea hapa hapa nyumbani, nikaenda kyeyo, yaani kutafuta kazi ughaibuni, huko Uingereza, vibali vyangu vikakaa sawa, halafu siku moja nikaona tangazo la British Antarctic Survey, shirika la Uingereza la utafiti wa Antaktika, wanatafuta mafundi bomba, mafundi umeme, makanika wa jenereta, seremala, wapishi. Wanasayansi wanakuja na kompyuta zao lakini bila mtu wa kuwapa maji na umeme na chakula hakuna utafiti hapo. Kwa hiyo wewe unayeniuliza wosapu habari ya digrii, kwanza kamata setifiketi yako ya ufundi, chafua mikono miaka kadhaa, ndio tuongee.

Na broka akikuomba hela ya viza ya Antaktika, mkimbie. Mkataba wa Antaktika wa 1959 uliweka pembeni madai yote ya ardhi ya kule, hakuna serikali inayogonga muhuri wa viza hiyo. Afrika nzima mwenye kituo kule ni Afrika Kusini peke yake, SANAE IV.

Sasa meno. Nacheka lakini niko siriasi. Kituo cha Waingereza cha Rothera, kule kisiwa cha Adelaide, kina daktari, ila wakati wa baridi meli haipiti na ndege si kitu cha kuita kama boda, kwa hiyo jino bovu lizibwe au ling'olewe ungali nyumbani, na vipimo vyote vya mwili upite. Warusi wana kisa chao cha 1961, daktari Leonid Rogozov alipata kidole tumbo kituoni Novolazarevskaya na daktari alikuwa yeye tu, akajipasua mwenyewe akapona. Ukisikia hivyo hutabishana na mtu anayekupeleka eksrei.

Kabla ya kuondoka kuna kozi, huduma ya kwanza, redio, kuzima moto. Hiyo ya moto usiichukulie poa. Watu wanadhani adui wa kule ni baridi, lakini hewa ni kavu mno, upepo haulali, na maji ya kuzimia yanaweza kuganda kabla hujayatumia, sasa nyumba ikiungua katikati ya baridi utahamia kwa nani? King'ora kikilia hata saa nane usiku kila mtu yuko kazini, mpishi yumo, fundi bomba yumo.

Ukishafika ndio mazoezi yenyewe yanaanza. Unalala nje kwenye hema la piramidi, mnapika kwa jiko la primus, na jambo wanalokukariri mpaka uchoke ni kuacha tundu la hewa wazi. Sisi tuliowahi kulala kwenye muzigo, chumba kimoja cha kupanga, na sigiri ndani hatuhitaji kuelezwa mara mbili, ile hewa ya sumu ya jiko, kaboni monoksidi, haina harufu.

Halafu ufa. Wanakushusha kwa kamba ndani ya ufa wa barafu, kuta ni bluu, unaning'inia pale na unatakiwa upande mwenyewe kwa vitanzi viwili vya kamba nyembamba vilivyofungwa kwa fundo kwenye kamba kubwa, kimoja cha kiunoni kimoja cha mguu, unasukuma fundo juu, unasimama kwenye kitanzi cha mguu, unasukuma lile lingine, unapumua, unaanza tena. Nguvu si tatizo, tatizo ni glovu. Fundo likishabana na uzito wako vidole vinene vya glovu haviliwezi, ukivua glovu baada ya muda mfupi vidole havisikii kitu. Ushauri wangu, chukua kamba yoyote hata ya mbuzi, jifunze fundo la prusik, ndilo hilo la vitanzi, huku nyumbani ukiwa umevaa glovu za ujenzi mpaka ulifunge bila kutazama.

Kazi yangu ya kila siku ilikuwa maji. Rothera maji yanatoka baharini, yanasukumwa kwenye mashine ya kutoa chumvi, yanakuwa matamu kabisa, lakini kila lita imekula mafuta ya jenereta kwa hiyo kuoga ni chapchap. Paipu za nje zimefungwa waya wa joto na kuvikwa sponji, ukikatika umeme hapo hakuna mambo ya nitakuja kesho, unaenda na koleo kufukua theluji sasa hivi. Na ukifukua fungua zipu ya jaketi kabla hujaanza kutoka jasho, si baada, jasho likilowesha nguo za ndani ukisimama dakika chache unatetemeka mwili mzima. Wapya wote wanavaa kupita kiasi. Kiangazi pale joto linacheza karibu na sifuri tu, banange, si kila siku ni kufa.

Kitu kinachowashinda watu wengi kwa maoni yangu ni zamu ya usafi. Kila mtu ana siku yake ya kuosha masufuria, kudeki, kusugua vyoo, awe meneja wa kituo au daktari wa falsafa, na kiangazi watu wanapita mia moja, hebu fikiria hizo sahani. Kama ulizoea kudekiwa na dada zako anza kujirekebisha sasa. Wakati wa baridi mnabaki ishirini na kitu, jua halichomozi wiki kadhaa, na mtu aliyekwepa zamu hapo kila mtu anamjua.

Ukitoka kutembea unahamisha kibao chenye jina lako kwenye ubao, ukirudi unakirudisha. Ukisahau wanaanza kukutafuta.

Mwisho mizigo. Mbegu na udongo haviruhusiwi, mpaka mifuko ya suruali na soli za buti zinasuguliwa kwa brashi kabla ya kupanda meli au ndege. Buti ulizolimia shambani ziache kwa mama. Binyebwa, yaani karanga, vya kusaga uliza kwanza, usifiche kwenye soksi.