Maswali ya wasomaji: Mtoto mdogo kwenye matembezi ya siku moja, Tanga

Likizo ikikaribia, barua nyingi zinazotufikia huuliza jambo moja: je, huyu mdogo twende naye au abaki kwa bibi? Sisi tunapenda aende. Lakini siku ipangwe kwa kufuata usingizi wake, tumbo lake na jua, na mahali pa kwenda pachaguliwe baada ya hayo.

Assalaam aleikum. Mwanangu ana miezi tisa. Mume wangu na mimi tunataka kwenda Mapango ya Amboni Jumamosi, kwa daladala. Mama mkwe anasema mtoto wa umri huo haingizwi pangoni. Ni kweli? (Mama, Chumbageni)

Waaleikum salaam, dada. Mama mkwe hajakosea sana. Mtoto wa miezi tisa anaweza kuingia, ila si kila mahali, na asibebwe kama mlivyozoea kumbeba.

Tuanze na mbeleko. Nyumbani na sokoni mgongoni ndiko kwenyewe. Pangoni mambo hubadilika: zipo sehemu ambapo mtu mzima lazima ainame, na ukiinama na mtoto mgongoni, kichwa chake ndicho kinachotangulia kukutana na jiwe. Wewe humwoni, na mwongozaji aliye mbele yako hamwoni. Kwa hiyo kabla ya kuingia mhamishie kifuani. Kanga ipite chini ya makalio yake mpaka nyuma ya magoti, magoti yawe juu kidogo kuliko makalio na mapaja yapanuke kama ya chura. Kidevu kisilalie kifua chake. Kati ya kidevu na kifua viingie vidole vyako viwili. Kidevu kikibana, njia ya hewa hubanwa nacho, na gizani hutaona kwamba amebadilika. Mkono mmoja uwe kisogoni kwake wakati wote wa kuinama. Tochi ashike mwenzako.

Mwambieni mwongozaji langoni, kabla hamjaanza, kwamba mna mtoto mchanga na mnataka vyumba vya mwanzo tu, vile vyenye dari refu. Njia nyembamba za kujipenyeza waachieni wengine, au mpokezane: mmoja anaingia, mwingine anabaki nje na mtoto. Mkifika mdomoni mwa pango simameni dakika mbili au tatu. Macho yanahitaji muda kuzoea giza, na mtoto anayetolewa juani na kuingizwa gizani ghafla hulia, kisha kilio hurudishwa na kuta, naye huogopa mwangwi wake mwenyewe. Akilia na asinyamaze kwa ziwa, tokeni.

Viatu viwe na soli yenye meno. Chokaa yenye unyevu huteleza kuliko tope, na ukianguka na mtoto kifuani utamwangukia.

Tena pangoni kuna popo. Kinyesi chao kikikauka huwa vumbi, na vumbi hilo linaweza kubeba kuvu inayodhuru mapafu. Hii ndiyo sababu hasa ya kutokawia: dakika 20 zinamtosha mtoto wa miezi tisa, na mtoto mwenye kikohozi au anayebanwa kifua asiingizwe kabisa. Mikono yake isiguse ukuta wala sakafu, maana ikigusa itaishia mdomoni. Popo aliyeanguka asiguswe na yeyote. Ikitokea mtu amekwaruzwa au kung'atwa, osheni kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyohiyo kuuliza chanjo ya kichaa cha mbwa.

Mtaonyeshwa pia mahali ambapo watu huja kufanya tambiko na kuacha vitu vyao. Visiguswe, na mtoto asiwekwe chini hapo.

Kuhusu usafiri: mapango yako kama kilomita 8 kutoka mjini, pembeni ya barabara ya Horohoro. Daladala haitawafikisha mlangoni. Kipande kilichobaki tembeeni asubuhi au chukueni bajaji, lakini msipande bodaboda mkiwa watatu na mtoto katikati. Watoto wengi wa umri wake huanza kupikicha macho kwenye saa 3 au saa 4 asubuhi, kwa hiyo muwe mmeingia pangoni kabla ya hapo, na usingizi wake umkute chini ya mti mkiwa mmeshatoka.

Habari za kazi. Nina kijana wa miaka mitatu, anapenda bahari kupita kiasi. Tunataka kwenda Pangani, halafu boti mpaka Kisiwa cha Maziwe. Atafaa? (Baba, Makorora)

Nzuri, baba. Hapa tuseme wazi: kwa mtoto wa miaka mitatu, Maziwe ndiyo safari ngumu kuliko zote za mkoa huu. Kisiwa ni mchanga mtupu. Zamani kilikuwa na miti, ikaliwa na bahari, na leo hakuna kivuli hata cha kuficha kikapu. Maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kupita siku nyingine, yakijaa hukifunika chote.

Kwa hiyo safari inaamuliwa na maji. Bamvua huja siku chache baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, na katika pwani yetu siku hizo maji hupwa sana mnamo saa 4 hadi saa 5 asubuhi. Kila siku inayofuata kupwa huchelewa kwa kama dakika 50. Maji mafu ni kinyume: asubuhi hiyo bahari imejaa. Muulize nahodha swali moja, "Maji yanapwa saa ngapi siku hiyo?", na kama hana jibu la haraka, tafuta nahodha mwingine.

Tatizo ni kwamba saa ya kisiwa kuonekana vizuri ndiyo saa jua linapoanza kuuma, na mchanga mweupe hulirudisha kutoka chini. Kofia pekee haimkingi, maana jua linampiga kidevuni. Avae fulana ya mikono mirefu, tena iliyofumwa kwa kubana. Ukiiinua juani na kuona mwanga ukipenya, miali ya jua inayounguza itapenya pia. Beba turubai jepesi na fimbo mbili, au mwavuli mkubwa wenye kamba ya kufungia kwenye mfuko uliojazwa mchanga, kwa sababu upepo wa kisiwani haushikiki. Mafuta ya kujikinga na jua yapakwe nusu saa kabla, yarudiwe kila baada ya saa mbili na kila anapotoka majini. Kaeni saa moja, si zaidi.

Sasa boti. Hili halina mjadala: jaketi okozi la mtoto, lenye kipimo cha uzito wake, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Boti nyingi zina majaketi ya watu wazima tu. Mtoto aliyevishwa jaketi la mtu mzima akitumbukia, jaketi huelea na yeye hupita chini yake kama mkono unavyotoka kwenye shati pana. Lijaribu ufukweni: mvishe, funga vifungo vyote, kisha mnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda mpaka masikioni, halimfai. Kama boti haina lake na nyinyi hamna, msipande. Msikubali kuambiwa kwamba bahari leo imetulia. Kipindi cha kusi inaweza kutulia asubuhi na kuchafuka mchana, wakati mko njiani kurudi.

Majini avae viatu vya raba. Miamba ina wanyama wa miiba mirefu myeusi, na mwiba ukikatikia kwenye nyayo ya mtoto siku imekwisha.

Ukiona haya ni mazito, iko njia nyingine ambayo tunaipenda zaidi kwa umri wake. Kasa hutaga Maziwe, na kwa sababu bamvua ingeyazamisha mayai, huhamishiwa ufukwe wa Ushongo, ng'ambo ya Mto Pangani. Ulizeni mapema kama kuna kiota kilicho karibu kuanguliwa. Mtoto huchuchumaa mchangani na kumwona kasa wa ukubwa wa kiganja chake akijisukuma kwa makasia yake manne kuelekea povu la wimbi. Asimshike, na simu isiwake tochi, kwa kuwa kasa wachanga hufuata mwanga na kupotea njia.

Mimi ni bibi. Mjukuu wangu ana mwaka na nusu. Tulipomchukua kwenda Muheza alitapika gari zima. Sasa wazazi wake wanataka kumpandisha Amani, nami naogopa zile kona. (Bibi, Ngamiani)

Shikamoo bibi. Hofu yako ina msingi, lakini huenda kona hazina hatia. Kichefuchefu cha safari hutokea sikio la ndani linapohisi mwendo ambao macho hayauoni, na watoto wa chini ya miaka miwili ni nadra kupatwa nacho. Hushamiri kuanzia miaka miwili mpaka kama kumi na mbili. Mtoto wa mwaka na nusu anayetapika garini mara nyingi ameshibishwa maziwa dakika chache kabla ya kuondoka, au amebanwa na joto na harufu ya mafuta ya gari.

Basi mlo mkubwa umalizike saa moja na nusu kabla ya safari. Njiani apewe vidogo vikavu: kipande cha mkate, nusu ya ndizi mbivu, maji kwa vijiko. Dirisha liwe wazi kidogo. Kutoka Muheza kwenda Amani ni barabara ya vumbi, na baada ya Sigi inapanda kweli. Dereva apunguze mwendo, nanyi msimame Sigi robo saa, mtoto atembee chini. Dawa ya promethazini wanayopewa wakubwa asipewe. Ni hatari kwa watoto wa chini ya miaka miwili, inaweza kuwazuia kupumua.

Kama gari ni lenu, awe na kiti chake. Kama ni basi, apakatwe akitazama mbele, lakini asifungwe pamoja nawe ndani ya mkanda mmoja: gari likifunga breki ghafla, uzito wako wote humkandamiza kwenye mkanda.

Juu kuna baridi. Amani iko kwenye mita 900 hivi, na hewa hupoa kwa kama nyuzi 6 kila mita 1,000, kwa hiyo mtoto aliyeondoka Ngamiani kwa kaptura atatetemeka. Sweta, soksi, suruali ndefu, na nguo za kubadili seti mbili, maana mvua ya Usambara haifuati kalenda ya pwani. Miezi ya masika barabara hiyo iacheni.

Na akifika, hana haja ya kupanda njia za msitu. Bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 ina miti mikubwa ya kuzunguka kwa hatua za mtoto, na vijiji vya karibu vina wafugaji wa vipepeo. Kabla ya kumweka chini kwenye majani, angalieni siafu.

Maziwa niliyokamua na uji vinakaa muda gani kwenye mkoba? (Mama, Majani Mapana)

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Tanga ya kaskazi huzidi hapo, kwa hiyo usiyategemee mkobani bila barafu. Kwenye boksi la barafu lililofungwa vizuri, chupa zikigusana na barafu, hufika saa 24. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji hata kwenye joto. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Maziwa ya kopo usiyachanganye nyumbani. Beba unga uliopimwa ndani ya chupa kavu, na maji yaliyochemka kwenye chupa ya chai nzuri. Maji yawe bado ya moto wa nyuzi 70 au zaidi unapochanganya, kwa kuwa unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu. Poza chupa kwa kuizamisha kwenye maji baridi, dondoshea mkononi kupima. Yakipita saa 2, mwaga. Aliyoanza kunywa akaacha, mwaga pia.

Uji wengi huuharibu kwa kosa moja: wanaumimina ukiwa vuguvugu ili mtoto asiungue. Vuguvugu ndilo joto ambalo vijidudu hulipenda. Suuza chupa ya chai kwa maji yanayochemka, mimina uji ungali unatokota, jaza mpaka karibu na mdomo, funga. Utatoa kidogo kidogo na kupoza kwenye kikombe. Uji wa maziwa au karanga huchacha upesi. Siku ya safari pika mtupu.

Weka na pakiti mbili za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Soma pakiti inataka maji kiasi gani, nyingi ni lita 1, na usiikadirie kwa jicho. Dafu ni zuri kwa aliyepita miezi sita, lakini akiharisha halichukui nafasi ya chumvichumvi hizo. Mkojo ukiwa mchache na wa njano iliyokolea, au nepi ikikaa kavu kwa saa 6, rudini mjini moja kwa moja mpaka kituo cha afya. Kadi ya kliniki iwe kwenye mkoba huohuo.

Mtoto wa dada yangu ana miaka mitano. Tongoni kuna cha kumvutia au atachoka tu? (Shangazi, Nguvumali)

Kipo, ukimpa kazi ya kutafuta. Kwenye makaburi ya kale kuna vishimo vya mviringo ambamo zamani zilipachikwa bakuli za kauri za Kichina. Mwambie ahesabu anavyoviona. Mwelekeze baharini umwambie kwamba mwaka 1499 Vasco da Gama aliichoma hapo karibu meli yake mwenyewe, São Rafael, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuiendesha. Asipande juu ya makaburi: chokaa na matumbawe hayo yamechakaa, yatamwangukia, na walala humo ni watu. Saa moja inatosha. Vaeni viatu vilivyofunikwa kwa sababu ya nyasi, na maji ya kunywa bebeni kutoka mjini.