Deni la mfereji kwenye shamba la Idaho

Ndugu, umeuliza kama ukinunua shamba huko Idaho, Marekani, utabeba deni la mfereji wa serikali. Mkataba wenyewe si wako. Ni kati ya Bureau of Reclamation (idara ya serikali kuu ya Marekani inayojenga mabwawa na mifereji) na wilaya ya umwagiliaji (chombo cha eneo kinachowagawia wakulima maji, si wilaya ya utawala), nayo wilaya hukutoza wewe, aghalabu kwa ekari. Ada hiyo inakaa kwenye ardhi, kwa hiyo malimbikizo ya muuzaji yanaweza kukuangukia. Kabla ya kusaini, dai barua ya wilaya inayoonyesha hakuna kinachodaiwa.

Uliza pia deni la ujenzi wa mradi wa maji limebaki kiasi gani. Sheria ya Marekani ya 1902 iliyoanzisha miradi hii iliwapa wakulima miaka 10 tu kulilipa, wakashindwa. Mwaka 1914 ikawa 20, na 1926 ikafika 40. Sehemu ya deni inayohusu umwagiliaji haina riba (nafuu ambayo benki haikupi!). Ila usishangilie ukiambiwa deni limekwisha: gharama za uendeshaji na matengenezo hazina mwisho, na ndizo hupanda. Omba risiti za miaka mitano iliyopita uone zinakwendaje.

Na kama unapanga kuongeza mashamba, fahamu kwamba tangu 1982 kuna kikomo cha ekari 960 kwa maji ya bei nafuu, ingawa wilaya nyingi zilizomaliza deni zimeondolewa kikomo hicho.