Saratani ya mapafu: iulize takwimu kabla hujashusha pumzi

Tangu shangazi yangu augue saratani ya mapafu, ndugu na jamaa wameniuliza swali lilelile: ugonjwa huu umeenea kiasi gani katika eneo letu? Nawaelewa. Mtu akiambiwa ni nadra, hushusha pumzi. Ninachowashauri ni kuiuliza kwanza hiyo takwimu imepatikanaje.

Duniani hakuna saratani inayogunduliwa kwa wingi kuliko hii. Mwaka 2022 ilikadiriwa kwamba wagonjwa wapya walikuwa karibu milioni 2.5 na waliofariki milioni 1.8. Ila haikutapakaa sawasawa: kiwango cha Hungaria kinazidi mara nyingi kile cha nchi nyingi za Afrika Magharibi.

Sehemu ya tofauti hiyo ni umri. Wengi wa wanaougua wamevuka miaka 60, kwa hiyo eneo lenye wazee wengi litakuwa na wagonjwa wengi hata kama watu wake hawaishi vibaya kuliko wengine. Tafuta kiwango kilichorekebishwa kwa umri, yaani kinacholinganisha maeneo kana kwamba yana mgawanyo uleule wa wazee na vijana; kwa kawaida hutolewa kwa kila watu 100,000. Na kama eneo ni dogo, usitegemee hesabu ya mwaka mmoja. Wagonjwa wawili watatu tu wakiongezeka, kiwango kinaruka.

Jambo linaloniuma zaidi ni wale wasiohesabiwa. Shangazi alitibiwa kifua kikuu kwa miezi, ingawa vipimo vya makohozi havikuonyesha vimelea. Kikohozi kisichokoma, kukonda, makohozi yenye damu: dalili za magonjwa haya mawili zinafanana mno, na pale ambapo kifua kikuu kimeenea, ndicho hufikiriwa kwanza. Angefariki katika miezi ile, rejesta ya saratani isingekuwa na habari zake. Mahali pasipo na CT skani, mashine inayopiga picha za kina za ndani ya mwili, wala wataalamu wa kupima kinyama kilichokatwa kwenye pafu, takwimu ndogo huenda inatueleza uhaba wa vipimo kuliko afya ya watu.

Tena, takwimu za leo zinasimulia maisha ya zamani. Kati ya sigara na saratani hupita mara nyingi miaka 20 hadi 30 au zaidi. Nchini Marekani, wanawake walianza kufa zaidi kwa saratani ya mapafu kuliko ya matiti mwaka 1987, miongo kadhaa baada ya uvutaji kuenea miongoni mwao. Eneo ambalo vijana wake wanaanza kuvuta sasa litaendelea kuonekana salama kwa muda mrefu.

Wala si sigara peke yake. Shangazi hakuwahi kuvuta, na kila aliyesikia alianza kwa kuuliza kama alikuwa akivuta. Swali hilo lilimchosha kuliko ugonjwa wenyewe. Huko Xuanwei, China, wanawake wasiovuta waliugua kwa kiwango cha juu sana kwa sababu ya moshi wa makaa ya mawe ndani ya nyumba, na majiko yalipowekewa bomba la kutolea moshi, ugonjwa ukapungua. Ipo pia gesi ya radoni itokayo ardhini, ipo asbesto, madini yenye nyuzinyuzi yaliyotumika katika ujenzi, na tangu 2013 uchafuzi wa hewa umetambuliwa rasmi kuwa chanzo cha saratani.

Kwa hiyo, hata kama eneo lako lina kiwango cha chini, kikohozi kilichopita wiki tatu kipelekwe hospitali. Ukiwa kwenye dawa za kifua kikuu bila vimelea kuthibitishwa, na hupati nafuu, usiziache dawa kwa uamuzi wako. Mwulize daktari waziwazi: je, mapafu yangu yamechunguzwa kama yana saratani? Na kama umevuta pakiti moja kwa siku kwa miaka 20 na umefika miaka 50, uliza kuhusu CT skani ya mionzi kidogo hata kama huna dalili yoyote. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2011 ulionyesha kwamba, kwa wavutaji wa muda mrefu, kipimo hicho kilipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 kikilinganishwa na eksirei ya kifua.