Watu 12 wanatosha kwa sherehe

Mdogo wangu, umesema mna watu 12 tu na sebule moja pale Sakina, na video yenu ya muziki ya chuo inataka sherehe iliyofurika. Watu hao wanatosha kabisa. Usiwatawanye. Wabananishe nyuma ya msanii, kisha simama mbali na uvute lenzi (zoom). Mabega na vichwa vitaziba ukuta wote. Kila mkirudia, wabadilishane nafasi na majaketi (baridi hii ya Arusha, kila mtu analo).

Kinachoharibu kazi za wengi ni mwendo wa taratibu (slow motion). Ukirekodi fremu (picha) 50 kwa sekunde ili baadaye uzicheze kwa 25, wimbo kwenye spika lazima upigwe kwa kasi mara mbili, na msanii aimbe kwa kasi hiyo hiyo. La sivyo midomo haitaendana na sauti, na hakuna uhariri utakaokuokoa. Mfanyishe mazoezi siku moja kabla, nakusihi, maana kuimba hivyo ni kazi ngumu kwelikweli. Taa za ndani nazo hupepesa kwenye kamera. Umeme wetu ni hezi 50, yaani taa hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo weka shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) 1/100 ya sekunde.

Kwenye glasi mimina juisi ya rozela, kwenye picha inaonekana kama divai na hakuna atakayelewa kabla hamjamaliza. Na mwenye nyumba na majirani waambieni mapema, tena kwa kuwagongea mlango. Wimbo mmoja ukirudiwa mara 20 usiku unamchosha sana aliye upande wa pili wa ukuta.