Maswali ya Wasomaji: Mdogo Wangu Asaini Wapi?

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mdogo wangu ana umri wa miaka 21 na anacheza winga katika klabu ya Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Kwa kuwa baba yetu alikwisha fariki, mimi ndiye ninayesimama kama mzazi wake, naye hasaini karatasi yoyote kabla sijaiona. Mkataba wake unamalizika mwishoni mwa msimu huu na mezani kuna ofa mbili. Ya kwanza inatoka klabu ya daraja la pili katika nchi moja ya Ghuba: mshahara wa dola 8,000 kwa mwezi bila kodi, fungu la usajili la dola 40,000, nyumba na gari, kwa miaka miwili. Ya pili inatoka klabu ndogo ya ligi kuu katika nchi moja ya Skandinavia: dola 3,500 kwa mwezi kabla ya kodi, kwa miaka mitatu, bila fungu la usajili. Mama anasema riziki haikataliwi. Kocha wake wa zamani anasema akienda Ghuba amejizika. Wakala anatupa siku tano za kuamua. Nimeambatanisha nakala ya mkataba wa Ghuba. Tushike lipi?

Kaka mtu, Tanga

JIBU

Ndugu yetu wa Tanga, tuanze na hizo siku tano, kwa sababu ndizo zinazowanyima usingizi ilhali hazina uzito wowote. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji ambaye mkataba wake umebakiza miezi sita au pungufu kuzungumza na kusaini na klabu nyingine, na anapoondoka baada ya mkataba kwisha hakuna ada ya uhamisho inayolipwa kwa klabu anayoiacha. Mdogo wako yumo ndani ya kipindi hicho. Klabu inayomtaka inaokoa fedha ambazo ingelazimika kuilipa klabu yake, kwa hiyo anayepaswa kubembeleza ni yeye anayenunua. Haraka hiyo ni ya wakala, ambaye hula kamisheni siku mkataba unaposainiwa na si siku mchezaji anapofanikiwa. Mwulizeni pia kama ana leseni ya FIFA. Tangu mwaka 2023 wakala analazimika kuwa nayo, na majina ya wenye leseni yanaonekana kwenye tovuti ya FIFA yenyewe.

Tumeusoma mkataba uliotutumia. Kwa hesabu ya mezani, miaka miwili ya Ghuba inazaa dola 192,000 za mshahara, na ukijumlisha fungu la usajili zinakuwa 232,000, kiasi kinachozidi shilingi milioni 500. Miaka mitatu ya Skandinavia inazaa dola 126,000 kabla ya kodi. Ukiishia hapo, mama ana haki ya kushangaa kwamba bado mnajadiliana. Lakini kipengele cha tisa, ambacho kimeandikwa kwa herufi ndogo kuliko vingine, kinasema kuwa klabu inaweza kuvunja mkataba wakati wowote kwa kumlipa mchezaji mishahara ya miezi miwili, ilhali mchezaji akivunja yeye atalipa thamani yote ya muda uliobaki. Kipengele cha nne nacho kinaligawa fungu la usajili mara mbili, nusu anaposaini na nusu mwanzoni mwa msimu wa pili.

Sasa rudia hesabu. Chukulia kwamba kocha aliyemtaka anafukuzwa mwezi wa tano wa mkataba, jambo la kawaida kabisa katika soka la huko, na kocha mpya anakuja na winga wake. Mdogo wako atakuwa amepokea dola 20,000 za kusaini, dola 40,000 za mishahara mitano, na dola 16,000 za kumwambia kwaheri. Jumla ni 76,000. Kule Skandinavia, hata ukiondoa theluthi nzima kwa ajili ya kodi, zinabaki dola 84,000, na anazipata huku akiwa na mkataba ambao klabu haiwezi kuuvunja kwa bei ya nauli. Hatusemi kwamba ya mwezi wa tano lazima yatokee. Tunasema kwamba mkataba huo haumhakikishii dola 232,000. Unampa ruhusa ya kuzipokea iwapo klabu itaendelea kupenda.

Kuna kipengele kingine, cha pili, kinachosema mkataba utaanza kufanya kazi baada ya mchezaji kufaulu vipimo vya afya na kupata kibali cha kazi. Hicho kinapingana waziwazi na kanuni za FIFA, ambazo zinakataza uhalali wa mkataba kutegemea vipimo au kibali. Klabu inapaswa kupima kwanza ndipo isaini. Klabu inayoandika hivyo ama haijui kanuni au inajua kwamba wewe huzijui, na kwa vyovyote vile kifutwe.

Huenda utauliza: si kuna FIFA ya kushtakia? Ipo. Klabu isipolipa mishahara ya miezi miwili kwa tarehe zake, mchezaji anaweza kuipa notisi ya maandishi ya siku 15 na, ikiendelea kukaa kimya, kuvunja mkataba kwa haki na kudai fidia. Baraza la FIFA la kusuluhisha migogoro pia limekuwa likivikataa vipengele vinavyoipendelea klabu peke yake kama hicho cha tisa. Simon Msuva, mshambuliaji wa Taifa Stars ambaye sote tunamfahamu, alitofautiana na Wydad Casablanca ya Morocco juu ya malipo, akapeleka shauri FIFA na akashinda. Lakini shauri huchukua miezi mingi, na winga wa miaka 21 asiyecheza miezi mingi anasahaulika. Hukumu humrudishia fedha zake; msimu aliokaa nje hakuna baraza la kumrudishia. Wapo waliopatwa na mabaya zaidi. Zahir Belounis, Mfaransa mwenye asili ya Algeria, alidai mishahara yake Qatar na akakwama nchini humo kwa muda mrefu kwa sababu sheria ya wakati ule ilimtaka apate idhini ya mwajiri ndipo aruhusiwe kutoka. Aliondoka Novemba 2013. Qatar imezibadilisha sheria hizo tangu wakati huo, lakini katika nchi yoyote mnayoifikiria ulizeni kwanza nani anashika kibali cha ukaazi na pasipoti inakaa kwa nani.

Tuingie uwanjani, maana hapo ndipo tunapotofautiana na kocha. Kwenda kwenye fedha si lazima kuwe kujizika. Michael Olunga wa Kenya alitoka Gor Mahia akaenda Djurgården ya Sweden mwaka 2016, na msimu mmoja baadaye, akiwa hajafika miaka 23, akauzwa China katika klabu ya Guizhou wakati ligi hiyo inamwaga fedha kuliko karibu ligi nyingine zote. Wengi walisema hadithi imeisha. Ndani ya mwaka huohuo alipelekwa kwa mkopo Girona ya Hispania, na Januari 2018 akaifunga Las Palmas mabao matatu. Kisha akaenda Kashiwa Reysol ya Japani, akashuka nayo daraja, akabaki. Novemba 2019, katika daraja la pili, aliifunga Kyoto Sanga mabao manane katika mchezo mmoja ulioisha 13–1. Mwaka uliofuata alikuwa mfungaji bora wa ligi kuu ya Japani kwa mabao 28 na mchezaji bora wa msimu. Hapo ndipo alipokwenda Qatar, Al-Duhail, Januari 2021, akiwa na miaka 26 na jina la kujadiliana nalo bei. Tunaloliona katika safari hiyo ni kwamba kila alipobanwa alipata mlango wa kutokea, na kila alipoingia alicheza.

Oscar wa Brazil hakuutafuta mlango huo. Alihama kutoka Chelsea kwenda Shanghai Januari 2017 akiwa na miaka 25, kwa mshahara uliotajwa miongoni mwa mikubwa kabisa duniani, akashinda ubingwa wa China mwaka 2018, akakaa huko hadi mwisho wa 2024, na timu ya taifa ya Brazil hakuichezea tena. Hatumlaumu, kwani alikwisha kucheza Kombe la Dunia na alijua anauza nini. Lakini hata fedha za China hazikudumu: Jiangsu ilitwaa ubingwa Novemba 2020, na Februari 2021 ilitangaza kusimamisha shughuli zake. Mabingwa wa nchi, miezi michache tu baadaye, hawana klabu.

Mbwana Samatta ameenda njia ya tatu, na kwa mtoto wa Kitanzania ndiyo iliyo karibu zaidi. Alitoka Simba mwaka 2011 akaenda TP Mazembe ya Kongo, klabu iliyokuwa ikilipa vizuri kuliko zetu na wakati huohuo ikicheza hatua za mwisho za Ligi ya Mabingwa Afrika. Aliitwaa mwaka 2015, akaenda Genk Januari 2016, akafunga mabao 23 katika ligi kuu ya Ubelgiji msimu wa 2018/19, na Januari 2020 akasajiliwa na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Genk ni klabu inayoishi kwa kununua vijana na kuwauza. Kevin De Bruyne na Wilfred Ndidi walipita hapo. Klabu nyingi za Skandinavia zina biashara hiyohiyo kwa kipimo kidogo. Mshahara wao mdogo una maana: klabu inanufaika pale mdogo wako atakapokuwa ghali, kwa hiyo itampanga. Klabu ya Ghuba ya daraja la pili inamtaka aipandishe daraja mwaka huu, na isipopanda inatafuta mwingine.

Halafu kuna jambo la vibali, ambalo mawakala wa aina ya wenu hawalitaji. Uingereza, tangu itoke Umoja wa Ulaya, humpima mchezaji wa kigeni kwa alama zinazotokana na dakika alizocheza timu ya taifa, dakika za klabu na hadhi ya ligi anayotoka. Miaka miwili katika daraja la pili la Ghuba haimwongezei kitu katika mizani hiyo, hata akifunga kila wiki.

Jibu letu basi ni Skandinavia, na tunalitoa bila kigugumizi kwa umri wa miaka 21, kwa masharti mawili. Pigeni simu kwa mchezaji yeyote Mwafrika aliyepita katika klabu hiyo mumwulize alipata namba baada ya muda gani, kwa sababu baridi inazoeleka, lakini benchi linaua. Luis Miquissone aling'ara Simba akaenda Al Ahly ya Misri mwaka 2021, klabu kubwa kuliko zote barani, akacheza kidogo, na mwaka 2023 alikuwa amerudi Simba. Pili, ombeni kiwekwe kipengele cha kiasi maalumu ambacho klabu nyingine ikikitoa mchezaji anaachiwa, na asilimia fulani ya mauzo iwe yake. Klabu inayoishi kwa kuuza haitashtuka ukiomba hivyo.

Mkiamua kwenda Ghuba pamoja na hayo yote, kwa sababu nyumbani kuna madeni au wagonjwa ambao sisi hatuwajui, basi kipengele cha tisa kiwe sawa kwa pande zote mbili, fungu lote la usajili liingie benki kabla ya mchezo wa kwanza, na mkataba uwe wa mwaka mmoja. Ghuba itakuwepo akifika miaka 28. Mwelezeeni mama hivyo hivyo: riziki haikataliwi, imeahirishwa.

SWALI

Assalaam alaykum. Mimi ni kiungo, nina miaka 30, nacheza Zanzibar. Nimepata klabu ya Oman, mkataba wa miezi kumi, mshahara mara nne ya ninaoupata. Nina ami yangu Muscat atakayenipokea. Naogopa nikienda nitasahaulika timu ya taifa. Nifanyeje?

Kiungo, Mjini Magharibi

JIBU

Waalaykumu salaam, ndugu yetu. Nenda. Katika umri wako hoja ya kuuzwa mbele imekwisha, na miaka mitatu au minne ya miguu iliyobaki iuze kwa anayetoa zaidi. Fiston Mayele aliondoka Yanga akiwa na miaka 29, akaenda Pyramids ya Misri, na mwaka 2025 akafunga katika mchezo wa marudiano wa fainali wakati klabu hiyo ilipotwaa Ligi ya Mabingwa Afrika. Kuhusu timu ya taifa, Msuva amecheza Morocco, Saudi Arabia, Algeria na Iraq, na jina lake limeendelea kuitwa Taifa Stars.

Kinachotutia shaka ni hiyo miezi kumi. Wengi huuona mshahara wa mwezi wakasahau kwamba miezi miwili ya mapumziko hailipwi, kwa hiyo mara nne yako kwa mwaka ni mara tatu na kitu. Uliza nani anagharamia matibabu ukiumia goti mwezi wa tisa na mkataba ukaisha ungali kitandani. Jibu liwe ndani ya mkataba, lisiwe la mdomo. Usikubali mikataba miwili, mmoja wa kuwasilishwa shirikisho na mwingine wa siri wenye kiasi kikubwa, kwani siku ya shauri ule wa siri unaweza kukuletea utata. Mshahara upitie benki hata kama ofisi ya klabu ipo mlango wa pili, ili uwe na ushahidi. Na dai lolote FIFA huna budi kulifungua ndani ya miaka miwili tangu tatizo litokee. Ami yako akusaidie kumpata mtu wa kukusomea nakala ya Kiarabu neno kwa neno, maana pale nakala mbili zinapotofautiana, mkataba wenyewe ndio unaosema ipi itafuatwa, na aghalabu inayofuatwa ni ya Kiarabu.