Maswali ya Wasomaji: Rubani wa Malindi na Pepo za Kusi

Swali: Maalim, assalaam alaykum. Mimi ni mvuvi wa Wete. Mwanangu amerudi skuli akaniambia kuwa Vasco da Gama ndiye aliyefungua njia ya bahari ya kwenda Bara Hindi. Wazee wetu wamekuwa wakisafiri na majahazi huko tangu zamani. Basi huyo Mreno alifungua nini? Tena, ni kweli kuwa rubani aliyempeleka alikuwa Ahmad ibn Majid?

Jibu: Waalaykumu salaam, ndugu yetu wa Wete. Mwanao hakudanganywa, ila ameelezwa nusu ya habari. Njia aliyoikamilisha da Gama ni ile ya kutoka Ulaya kwa kuizunguka ncha ya kusini ya Afrika, ambayo Mreno mwenzake, Bartolomeu Dias, aliifikia mwaka 1488 akarudi nyuma. Kipande cha kutoka Malindi hadi Calicut, bandari ya Bara Hindi, kilikuwa kikipitwa na wafanyabiashara wa Kiarabu, wa Gujarati na wa pwani yetu kwa karne nyingi, na ushahidi mzuri kuliko wote ni safari ya da Gama mwenyewe.

Aliondoka Lisbon Julai 1497, na baada ya kushindwa kuelewana na watu wa Mombasa akapokewa vizuri na mtawala wa Malindi, aliyekuwa na uhasama na Mombasa na akaona faida ya kupata rafiki mwenye mizinga. Alipewa rubani akang'oa nanga tarehe 24 Aprili 1498, kusi, yaani upepo wa kusini unaosukuma vyombo kuelekea Bara Hindi, ikiwa imeanza kushika, na kwa siku zipatazo 23 akaona milima ya Bara Hindi. Wewe uliye mvuvi huhitaji kuelezwa kwa nini alifika upesi. Wakati wa kurudi, akiwa ameshagombana na mtawala wa Calicut, hakuwa na subira ya kungoja kaskazi, upepo wa kurudia pwani yetu, bali aliiacha pwani ya Bara Hindi mwanzoni mwa Oktoba, katika maleleji, ambapo upepo mmoja umekwisha na mwengine haujatulia. Bahari ile ile ikamchukua karibu miezi mitatu. Mabaharia wakaingiwa na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga mbichi, fizi zikavimba hadi zikafunika meno, na watu wapatao 30 wakafa njiani. Walipofika Malindi Januari 1499, jambo moja waliloomba ni machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Watu waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu, ndipo ile iitwayo São Rafael ikachomwa moto kusini mwa Mombasa. Angalisubiri hadi Disemba, nadhani wengi wao wangaliziona tena nyumba zao.

Kuhusu rubani, habari ya Ibn Majid inatokana na mwandishi mmoja wa Makka aliyeandika miongo mingi baadaye, na wanahistoria wengi wa leo hawaikubali, kwani waandishi wa Kireno wanamtaja Muislamu wa Gujarati waliyemwita Malemo Cana. Tazama jina lenyewe: Malemo ni maalim, yaani bingwa wa uongozaji wa chombo, na neno la pili hudhaniwa kuwa linatokana na neno la Kihindi la mtu ajuaye nyota. Wareno walichukua cheo wakakifanya jina. (Mimi ninayeitwa maalim katika ukurasa huu sijawahi kuongoza hata ngalawa.)

Sasa, jambo jipya alilolileta Mreno katika bahari hii halikuwa njia, lilikuwa ni dai la kuimiliki bahari yenyewe. Kabla yake mfanyabiashara alilipa ushuru bandarini, lakini hakuna mfalme aliyemwuliza katikati ya maji amepewa ruhusa na nani. Mwaka 1503 nahodha Ruy Lourenço Ravasco alikamata vyombo karibu na Unguja, na mtawala wa hapa akalazimika kukubali kulipa mithqali 100 za dhahabu (mithqali ni kipimo cha uzito cha zamani) kila mwaka. Miaka miwili baadaye Francisco de Almeida akaziteka na kuzipora Kilwa na Mombasa. Mitepe, vyombo vyetu vya zamani, ilishonwa kwa kamba za makumbi, nayo haikuundwa kwa ajili ya kubeba mizinga mizito, wala miji yetu haikupigana kwa umoja. Kisha likaja karatasi la ruhusa ya kusafiri lililotolewa na Wareno, lililoitwa cartaz: chombo kilichokutwa nje bila hilo kilikamatwa pamoja na bidhaa zake, na aliyekuwa nalo alitakiwa kupita katika bandari za Wareno alipe ushuru. Ndiyo kusema, sehemu ya mapato yao ilitoka katika biashara ya watu wengine, ambayo walikuwa wakiitoza. Hata hivyo bahari ni pana na wao walikuwa wachache. Kufikia katikati ya karne hiyo pilipili nyingi ilikuwa ikipita tena Bahari ya Sham hadi Misri, bila idhini yao.

Swali: Ngome Kongwe ya Forodhani ilijengwa na Wareno? Wapo wanaowaeleza wageni hivyo. (Msomaji wa Mjini Unguja)

Jibu: Hapana. Wareno walikuwa na kanisa na nyumba ya biashara pahala hapo, lakini ngome ni ya Waomani, waliyoijenga baada ya kuiteka Ngome ya Yesu ya Wareno huko Mombasa mnamo Disemba 1698, kufuatia mazingiwa ya karibu miaka mitatu. Ukiingia ndani unaweza kuona mabaki ya kanisa yaliyoingizwa katika ukuta. Baadaye ngome hiyo ilitumika kufungia wahalifu, na neno letu gereza lenyewe huelezwa kuwa limetokana na igreja, ambalo kwa Kireno ni kanisa.